Diski Tatu Alizozikataa Mume Wangu

Anayetaka kujua uvumilivu wangu uliishia wapi aende Biharamulo, kwenye kibanda cha fundi nyuma ya stendi, aulizie yule mama wa Nyamiaga aliyekuwa akichukua diski na kuzirudisha. Watamwelekeza. Nimekuwa maarufu kwa jambo ambalo sikulitaka.

Kompyuta yenyewe tuliinunua mtumba, nilipokuwa bado nafundisha shule ya msingi. Sanduku lilikuwa jeupe, sasa ni la manjano kama meno ya mvuta kiko, na skrini yake ni ile ya kichogo. Niliifumia kitambaa chenye maua, kama nilivyofuma vya redio na vya viti, na kila ilipozimwa niliifunika. Ilipowashwa pia niliifunika, isipokuwa skrini. Fundi alikuja kuniambia kwamba kitambaa changu kiliziba matundu ya hewa na kuipika mashine kwa miaka yote hiyo. Nilimjibu kwamba nyumba isiyo na vitambaa ni ghala.

Ndani ya sanduku hilo mume wangu aliweka ukoo. Sitanii. Huku kwetu kijana haoi mpaka wazee wajue kwamba yeye na binti hawako ukoo mmoja, maana huo ni mwiko, na mwiko wa namna hiyo hauangalii kama mmependana. Zamani kila mtu alimjua jirani yake. Baadaye watu wakaja kwa mafungu wakikimbia vita, wengine kutoka Burundi, wengine Rwanda, wakakaa, wakazaa, na vijana wao wanakutana vyuoni Mwanza hawajui babu zao walitoka kilima gani. Mume wangu, aliyekuwa katibu wa ukoo wao, alipanda baiskeli akazunguka Ngara yote, akashuka Biharamulo, hata ng'ambo ya mpaka, Muyinga, alifika. Mtoto wa nani, mama yake binti wa nani, ukoo gani. Alirudi na madaftari akayachapa kwa kidole kimoja. Watu walikuwa wanakuja hapa nyumbani na majina ya wachumba, anawasha, anatafuta, anawaambia oaneni au msioane.

Sasa binti yetu, muuguzi, akaletewa barua ya posa. Kijana mwenyewe ni wa Nyamigogo, mkulima mwenye heshima zake, na ukoo alioutaja si wetu. Nilimpenda siku ya kwanza, nasema wazi. Lilibaki jambo moja tu, kuangalia jina la babu yake kwenye orodha, na mashine ikachagua wiki hiyo hiyo kuugua. Diski ilianza kugonga, ka, ka, ka, kisha kimya. Madaftari yalikwisha kuliwa na mchwa zamani.

"Orodha nzima siikumbuki kichwani," mume wangu alisema. "Tungoje diski mpya."

Nikapanda basi kwenda kwa fundi. Ni mtu mzima, zamani alikuwa wa redio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, msiiwashe tena kabisa. Hiyo diski labda imebakiza pumzi moja. Kwanza tafuta diski ya kuhamishia, halafu ndipo tuiwashe mara moja, tunyonye kila kitu." Alinieleza pia kwamba mashine yetu hutumia mkanda mpana wenye matundu arobaini, na diski za siku hizi zina waya mwembamba, kwa hiyo si kila diski itaingia.

Akanipa ya kwanza nikamwonyeshe mwenye mali. Ilikuwa ya aina ile ile, iliyotumika, imetoka Mwanza. Mume wangu aliigeuza kama mtu anayekagua mguu wa mbuzi.

"Hii nayo ni mzee. Unamwuguza mgonjwa kwa mgonjwa?"

Nikaona ana hoja. Nikarudi Biharamulo, nikaleta ya pili, mpya, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, pamoja na kipande cha kuiunganisha na ule mkanda.

"Haina mlio," alisema. "Nitajuaje kama inafanya kazi?"

"Itakuonyesha kwenye skrini."

"Na fundi amesema ni kubwa kuliko mashine inavyoweza kuhesabu. Sehemu kubwa italala bure. Ni uharibifu."

Huyu ni mtu mwenye magunia kumi matupu nyuma ya jiko, anayoyatunza kwa sababu yanaweza kufaa. Nilimwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu haraka haraka haina baraka, akatoka kwenda kuangalia migomba, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Ya tatu ilikuwa kadi ya kamera, pana kidogo, ukubwa wa kiberiti. Fundi aliapa kwamba hiyo ndiyo inayofaa kuliko zote, kwamba mashine ya zamani huiona kama diski yake halisi. Mume wangu aliiweka kiganjani.

"Ukoo mzima humu? Siku moja utafagia, utautupa."

Hapo nilipandisha. Nilimwambia la kuvunda halina ubani, kwamba mshenga amenipigia simu mara mbili akiuliza jibu, kwamba binti anakuja kila mapumziko kututazama usoni kama mgonjwa anayesubiri majibu ya damu. Alinirudishia kadi, akaenda tena kuangalia migomba. Miaka yote ya ndoa sijawahi kuona mtu mwenye ukaidi namna ile. Nilitamani kumpiga na kile kitambaa.

Jumapili alikuwa na kikao cha baraza la kanisa baada ya ibada. Nililichomoa sanduku, nikalifunga kwa kitenge, nikalibeba na kadi yangu mpaka Biharamulo nikalala kwa mdogo wangu. Kesho yake asubuhi fundi aliiwasha mara ile moja. Diski iligonga, ikasita, ikatoa kila kitu, ikafa kabisa mbele yetu. Nililia kwa furaha pale kibandani, sikuona aibu.

Na kwa kuwa nilikuwa nimechoshwa na kuhangaika kwa ajili ya kitu kilichoko mahali pamoja tu, nilimwambia fundi aitoe pia orodha kwa maandishi ya kawaida, aiweke kwenye flashi mbili. Moja nikaitia kwenye mkoba. Nyingine nikampa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mwenyekiti wa ukoo, anayekaa Nyamigogo na aliyekuwa mjini kwa shughuli zake. Alifurahi mno. Nikajiona mwanamke mwenye akili kuliko wote wilaya mbili.

Nilirudi jioni. Binti alikuwepo. Mume wangu hakugomba kama nilivyojiandaa. Alichomeka nyaya mwenyewe, akawasha. Orodha ikafunguka, majina mamia kwa mamia.

Niliketi nikijua itachukua muda. Haikuchukua. Hakuandika jina, hakutafuta. Alishuka moja kwa moja mpaka kwenye mstari mmoja, akaondoa mkono.

Jina la babu wa yule kijana lilikuwepo. Ukoo alioutaja ulikuwepo, na mbele yake mume wangu alikuwa amechapa: *aliuchukua alipokimbia*. Kisha ukoo wake halisi. Wetu.

"Ulijua," nilisema.

"Tangu barua ilipofika. Babu yake alificha ukoo ili aishi. Aliyeniambia alikwisha kufa. Nilibaki mimi na hii mashine. Kila ulipoleta diski niliomba isifae, mstari huu ufe na ile ya zamani."

Hasira yangu yote ya wiki zile ilinirudia mwenyewe, na sikujua niiweke wapi. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakulia. Aliusoma ule mstari, akamtazama baba yake, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, nakala ziko ngapi?"

"Tatu."

"Ziko wapi?"

Nilimwambia moja hii hapa, nyingine iko kwenye mkoba wangu. Ya tatu anayo baba yako mdogo. Alinipigia mchana nikiwa njiani, akanishukuru sana, akasema ameanza kuisoma tangu jina la kwanza.