Nilimwambia daktari "naweza" kila kitu, nusura Ukurya uninyime mkopo wa chuo

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji tu, leo nimeona nishushe uzi wangu. Hakuna chumvi hapa. Anayenifahamu pale mtaani kwetu Nyamisangura atathibitisha, ingawa atacheka kwanza.

Iko hivi. Nilimaliza form six nikapata nafasi chuo kikuu, ualimu wa hesabu. Kabla sijaripoti, bodaboda niliyopanda njia ya Nyamwaga ikakutana na ng'ombe aliyekatiza ghafla. Goti la kulia likavunjika, likapona vibaya, mpaka leo halikunjiki.

Nikabaki mjini natengeneza simu. Chuo nikakisahau.

Uongo, sikukisahau. Nilikuwa najifanya tu.

Juzi kati hapo rafiki yangu akanistua kwamba waombaji wa mkopo wenye ulemavu wanafikiriwa kwa namna yake, ila lazima daktari wa wilaya athibitishe. Nyumbani hela ya ada haikuwepo wala haikuwa njiani. Bila ile sahihi, habari ya chuo imekwisha. Na deadline ilikuwa inanipumulia.

Nikavaa suruali yangu pana, ile inayoficha mguu, nikaenda hospitali ya wilaya, Bomani.

Sasa niwaeleze kidogo wasiotujua sisi Wakurya. Huku kwetu kijana anatahiriwa watu wakimtazama usoni, na ole wake apepese jicho. Ukishapita pale, neno "naumia" linafutika mdomoni moja kwa moja. Hata ukiangukiwa na nyumba utasema uko salama.

Daktari alikuwa mama mpole, si mtu wa huku.

"Unaweza kutembea mwendo mrefu?"

"Naweza."

"Ngazi?"

"Napanda."

"Maumivu?"

"Hakuna."

"Kuchuchumaa je?"

"Nachuchumaa vizuri tu."

Akaweka kalamu mezani. "Kijana, kwa maelezo haya wewe ni mzima kunizidi mimi. Sasa nithibitishe nini? Nenda katafakari, halafu urudi."

Wakuu, mnajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nikamshukuru, nikatoka kifua mbele. Nafika getini ndiyo akili inarudi. Nimefaulu mtihani ambao nilitakiwa nifeli.

Nyumbani nikamkuta shangazi yangu, dada wa baba, ameolewa Isebania upande wa Kenya, alikuwa amekuja kumsalimia mama. Nilipowasimulia, mama alishika kichwa. Shangazi alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Asubuhi nikamkuta mlangoni na pochi yake kwapani.

"Twende. Leo ni mimi nitaongea."

Daktari alipotuona akasema tu, "Haya, chuchumaa nikuone."

Nikashika meza, nikateremka kidogo, jasho linanitoka. Na mdomo huu huu bado unasema naweza.

Shangazi akashindwa kuvumilia. "Daktari, wachana na huyu! Hiyo mguu haikunji hata kidogo. Akienda choo anaitoa nje ya mlango, majirani wote wanajua ni yeye ako ndani!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Siri yangu kubwa ilikuwa inajulikana mtaa mzima.

Kisha daktari akanigeukia. "Shangazi nimemsikia. Nataka nisikie kwako."

Aisee. Sijawahi kubeba kitu kizito kama lile neno.

"Siwezi," nikasema. "Siwezi kuchuchumaa, daktari. Na kukiwa na baridi goti linauma sana."

Shangazi akanishika bega. Daktari akanipima taratibu, akaandika, akasaini, akagonga muhuri. Nilitoka pale mwepesi, sikumbuki mara ya mwisho kujisikia hivyo.

Nikatuma application, chuo nikaomba upya. Majibu yalitoka nikiwa dukani nimefungua simu ya mteja. Nimepata! Ada na hela ya kujikimu. Nililia wakuu, mteja akadhani nimeiunguza simu yake.

Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaoa.

Nilichojifunza: ulemavu haukupunguzii uanaume wala heshima. Kuusema ni kudai kilicho chako. Kama una mguu, jicho au sikio lenye shida na umekaa nyumbani unajifanya ngangari, nenda kaombe. Ukishindwa kusema, beba shangazi.

Leteni maswali, hata ya inbox. Na wenye visa kama hiki tiririkeni hapa chini, tucheke pamoja.

Mimi kwa sasa naomba nikimbie lecture.

Samahani, sikimbii. Nachechemea. Lakini naingia darasani.