Lori la Majitaka Nyuma ya Darasa

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwa Nini, na jina lilimkaa. Alifundisha uraia na mazingira, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Ukimlalamikia kwamba kijito cha nyuma ya shule kinanuka, atakuuliza nani kakichafua, nani kamruhusu, na wewe uliyeziba pua umemwambia nani.

Mwaka huo kijito kilioza kabisa. Watoto wadogo walioteka humo maji ya kumwagilia bustani ya shule walitoka vipele mikono mizima, na mmoja akalazwa. Kila mtu alijua kuna lori la majitaka linalomwaga mzigo pale badala ya kuupeleka kwenye mabwawa nje ya mji. Lori la nani? Hapo watu wazima, na ndevu zao, wote walikuwa mabubu. Basi mwalimu akawapanga wanafunzi wake zamu dirishani. Watazame, kisha wakaseme wenyewe kwenye mkutano wa mtaa.

Kila zamu ilirudi na jibu moja: hatukuona kitu. Darasa lililozoea kubishana naye hata kwa jambo dogo sasa lilitazama sakafu. Mwalimu akawaka. Aliwaambia ni wavivu, na kwamba amepoteza mate yake bure. Kisha akaenda kujibanza mwenyewe nyuma ya vyoo, mtandio puani.

Lori lilikuja wakati wa somo la mwisho, likarudi kinyumenyume hadi ukingoni. Mkono wa dereva ulining'inia dirishani, umevaa shati la kijani ambalo mwalimu alilipiga pasi kwa mkono wake asubuhi ile. Alikuwa mumewe, yule yule anayerudi jioni akilalamika jinsi mabwawa yalivyo mbali.

Mwalimu alimwita kiranja wa darasa, msichana ambaye uso wake hauwezi kuficha uongo, akamuuliza tangu lini wanajua.

"Tangu siku ya kwanza," msichana alisema. "Tungekuaibishaje, mwalimu? Wewe ni kama mama yetu."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko shati. Alikuwa amewafundisha kusema, na wao wakanyamaza kwa kumpenda.

Nyumbani mume hakukana. Tajiri wake mwenye lori, alisema, anampa mafuta yasiyofika mabwawani, na akikataa, kesho usukani ataushika mwingine. Kisha akalainisha sauti. "Nyamaza tu, mama watoto. Mambo ya ndani hayapelekwi mkutanoni." Mwalimu alimjibu kwamba kijito hakimo ndani ya nyumba yao, na kwamba kuanzia kesho shati lake atalipiga pasi mwenyewe.

Kwenye mkutano tajiri aliketi mbele, kakunja nne. Aliposimama alisema kwa uchungu mwingi, utadhani ni yeye aliyetoka vipele, kwamba wanaochafua ni malori ya wageni. Watu wakaitikia kwa vichwa, wanafiki wakubwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna aliyeona kitu. Wanafunzi walikuwa wamesimama kando ya ukuta. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walimtazama mwalimu wao. Mumewe alikuwa mlangoni, naye akimtazama.

Mwalimu aliogopa. Akasimama hivyo hivyo.

"Mimi nimeona," alisema. "Dereva ni mume wangu. Na aliyemtuma ni huyu hapa mbele, anayemnyima mafuta ya kufika mabwawani."

Mume alitoka bila kugeuka. Tajiri alicheka, akasema mama huyu ana ugomvi na mumewe, akaumalizie chumbani. Kama ana shahidi mwingine, amtaje. Mwalimu hakumtaja mtu. Alibaki amesimama peke yake.

"Na mimi nimeona," kiranja alisema kutoka ukutani, mkono juu. Wa pembeni yake akanyoosha wake, na wa nyuma yao, mpaka ukuta mzima ukajaa mikono, na mwenyekiti aliyekwisha kuinuka kufunga mkutano akaketi tena.

Mwalimu Kwa Nini hakutabasamu. Aliwaambia waseme mmoja mmoja, kwa sauti, na macho yake yakabaki mlangoni.