Ongea Tu, Sijalala

Kambini kwetu, nje kidogo ya Thika, kazi yangu ina jina refu ambalo hakuna anayelitumia. Mlangoni imeandikwa kwamba nahusika na kuzuia ukatili na kujiua. Wanajeshi husema tu, "Naenda kwa Madam," na husema kwa sauti ya chini, maana mtu akionekana akiingia kwangu, kufikia chakula cha mchana kambi nzima inajua. Mimi si mwanajeshi. Nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kabla ya kuajiriwa pale, na bado naishi Ruiru na mume wangu.

Nimekaa na watu wengi katika ofisi ile. Wengi walitoka wakaendelea na maisha yao. Wachache tuliwazika. Lakini ninayemkumbuka zaidi nikiwa peke yangu ni sajenti mmoja ambaye yuko hai, na ambaye wakubwa humtaja kama mfano wa kazi iliyofaulu.

Aliyekuja kwanza ni mke wake. Lilikuwa lile jua la Januari linalochoma hadi lami inalainika, naye alikuwa amevaa sweta zito la mikono mirefu, vifungo vyote amefunga. Alikataa kulivua. Chai pia aliikataa.

"Sikuja juu yangu," alisema. "Nimekuja juu ya baba ya mtoto. Naona anataka kujimaliza."

Alinieleza kwamba tangu mumewe arudi kutoka kazi ya ng'ambo ya mpaka, usingizi ulimhama. Wenzake waliokuwa naye kwenye gari moja hawakurudi. Akibahatika kusinzia mchana, mke na binti yao wa gredi ya kwanza hutembea nyumbani bila viatu na kuongea kwa kunong'ona, kwa sababu akishtuliwa usingizini huwa hajui yuko wapi wala anampiga nani. Sasa alikuwa ameanza kugawa vitu vyake. Redio alimpa jirani. Koti lake la kanisani alimpa ndugu yake.

Vidole vya mkono wake wa kushoto, vilivyochungulia nje ya sweta, vilikuwa vimevimba. "Na huo mkono?" nilimuuliza.

Alivuta sweta chini, ingawa lilikuwa limeshafika kwenye vidole. "Niligonga mlango."

Nilichukua kalamu. Akaongeza, "Yeye si mtu mbaya, Madam. Usiandike kwamba ni mtu mbaya."

Sajenti alikuja kesho yake. Alikuwa mrefu, viatu vinang'aa, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Tuliongea juu ya mvua, kisha juu ya kwao Kalimoni, na mahindi ambayo ndugu yake alikuwa amepanda. Watu wengi huogopa kuuliza lile swali lenyewe, wakidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mimi nimejifunza kuliuliza wazi.

"Unafikiria kujiua?"

Alinitazama. "Leo, ama kwa jumla?"

"Leo."

"Leo hapana."

"Basi tuanze na leo."

Kabla jua halijatua nilikuwa nimeongea na kamanda, tukakubaliana sajenti asishike silaha hadi daktari atakaporuhusu. Akapelekwa stoo ya jikoni, kupokea magunia ya mchele na mitungi ya mafuta. Ilikuwa lazima, na ningefanya vile vile tena. Lakini nilijua ninamfanyia nini. Mwanajeshi asiye na bunduki kambini huonekana na kila mtu. Wale aliowafunza gwaride walianza kumuuliza leo kumepikwa nini, maharagwe ama ndengu.

"Madam, umeninyang'anya bunduki ukanipa mwiko," aliniambia.

"Nimekupa muda."

"Muda wa kufanya nini?"

Nilimwambia arudi Jumanne, naye akarudi.

Mke ndiye aliyenipa kazi ngumu. Nilimwambia kwamba yeye na mtoto watoke katika nyumba ile kwanza, waende kwa dada yake, huko Mwihoko.

"Nikienda atakufa," alisema.

"Kumlinda ni kazi yetu, mwanangu. Kuna daktari, kuna ndugu yake, niko mimi. Kazi yako ni huyu mtoto, na wewe mwenyewe."

"Unasema tu. Nyinyi jioni mnaenda kwenu."

Alikuwa amesema kweli. Nilimwambia hivyo, kwamba jioni naenda kwangu, na ndiyo sababu ndugu ya mumewe angehamia pale nyumbani siku hiyo hiyo. Akaenda kufunga godoro na sare za shule.

Kwa wiki kadhaa sajenti hakunisemesha. Alikuja kila Jumanne, akaketi, akaangalia dirisha, wakati ukiisha anasimama na kunipigia saluti ambayo sikustahili. Kisha siku moja mvua ikiwa inapiga mabati alianza kunisimulia habari za lile gari. Sitayaandika aliyoniambia, ni yake. Baada ya hapo mambo yalianza kulegea. Dawa zikampa usingizi. Pombe akaiacha. Mashavu yakajaa tena. Na asubuhi moja, bila mimi kuuliza, akasema, "Watu wananiambia ni ugonjwa ulimpiga mke wangu. Ugonjwa hauna mikono. Nilimpiga mimi."

Siku hiyo ndiyo aliyoomba kumwona mtoto.

Mke alikubali, mradi niwepo. Tulikutana Ruiru, katika uwanja wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, viti vya plastiki vikiwa bado havijaondolewa. Sajenti alileta soda na keki. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Binti alikuja taratibu, akampa mkono kama anavyosalimiwa mgeni. Amepewa jina la mama yake sajenti, na kama ilivyo desturi kwetu, baba yake humwita mami.

"Mami, shule iko aje?"

Niliona midomo ya mtoto ikienda, lakini sikusikia kitu. Baba akainama. "Umesema?"

"Nimesema iko poa," mtoto akanong'ona.

Akamuuliza juu ya mwalimu, juu ya jino lililong'oka, juu ya rafiki zake wapya wa Mwihoko. Kila jibu lilikuja kwa ile sauti ndogo. Sajenti akamgeukia mkewe. "Ana homa?" Mke akatikisa kichwa na kuangalia chini.

Nyuma yetu watoto wengine walikuwa wakikimbizana. Mmoja akamwita, naye akageuka na kuitikia kwa sauti iliyofika hadi getini, "Nakuja!" Kisha akashtuka, akajiziba mdomo kwa mkono, akamtazama baba yake.

Hapo ndipo sajenti alipoelewa. Nilimwona akielewa.

"Ongea tu, mami," alimwambia. "Sijalala."

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, aone kama ni kweli.

Alipokwenda kucheza, mke alisema alichokuwa amekuja kusema. "Naona umepona. Nimekuombea kila siku, na nitaendelea kukuombea. Lakini sirudi."

"Hata nikipona kabisa?"

"Hata ukipona kabisa."

Alikuwa analia akisema. Bado alimpenda, hilo lingeonwa na yeyote aliyekuwa uwanjani. Sajenti aliitikia kwa kichwa, akakusanya chupa za soda moja moja, akazipanga chini ya kiti.

Mke na mtoto walipoondoka nilimuuliza pale pale kama angejidhuru. Akasema hajui. Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli, nikampigia ndugu yake, na sikuondoka hadi alipofika. Kesho yake daktari alimlaza, akakaa hospitali kwa muda. Mimi nilifika nyumbani, mume wangu akanipakulia chakula, nikalia hadi akainuka kuzima redio. Hakuniuliza. Anajua siwezi kumwambia.

Baadaye kamanda alinipongeza. Sajenti alikuwa hai, na mkewe na mtoto walikuwa salama. Yote hayo ni kweli, na ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Kuwarudisha pamoja haikuwa kazi yangu kamwe. Nilijua tangu nilipouona ule mkono kwamba hilo halifai hata kutumainiwa. Nilitumaini hata hivyo.

Sajenti aliacha jeshi kwa sababu za kiafya, na siku hizi anapakua mizigo katika kiwanda kimoja pale Eneo la Viwanda. Juzi nilimkuta saa ya chakula kwenye kibanda karibu na geti, anakula githeri na wenzake. Alinivutia kiti na kuniitishia sahani. Binti humtembelea likizo, Kalimoni, ambako sajenti sasa anaishi kwa ndugu yake.

"Anaongea?" nilimuuliza.

"Anaongea sana. Anaimba, anagombana na binamu zake, hata mbuzi anawapa amri. Ni mimi nikiingia ndio sauti inashuka." Alichota kijiko, akala. "Kwa hivyo nikitoka kazini siingii haraka. Nakaa hapo nje kidogo, namsikiliza."

Kisha akauliza, "Na mama yake ako aje?"

"Siwezi kumsemea."

"Ni sawa, Madam. Najua."

King'ora cha kiwanda kililia. Akanawa mikono, akanipa mkono wa kuaga, akaingia getini na wenzake. Mimi nilibaki pale na sahani yangu hadi mama wa kibanda akaniuliza kama githeri imekosa chumvi. Nikamwambia iko sawa.