Chakula cha Mwezi Mzima

Kwetu Jang'ombe aliyekuwa akienda sokoni ni mwanamme. Baba alikwenda kila asubuhi, hata siku ambazo hakuwa na la kununua ila muhogo na kipande cha papa mkavu. Akirudi, mama hulipokea kapu mlangoni, akachungulia, akasema, "Leo umeonewa," au "Leo Mungu kakuona." Mimi nikidhani chakula kinaanzia kwenye maneno hayo. Mara nyingi huku niliko, nchi za watu, nikipita sokoni asubuhi nnayatamani kuliko hicho chakula chenyewe.

Niliacha skuli darasa la sita. Nilikuwa nikiambiwa mji fulani uko huko, lazima niende nikauone, na nikifika huuliza kilichoko mbele yake. Tanga, Mombasa, Ngazija. Kapu la sokoni sikupata kulishika. Baba alipofariki nilikuja matangani, nikaondoka baada ya arubaini.

Niliporudi tena kumtazama mama, nia yangu ilikuwa siku mbili tu. Tanga kulikuwa na kazi inaningoja. Nikaona nisimwache na upungufu, nikaenda kwenye supamaketi moja mpya ya barabarani. Nilikaa humo muda mrefu nikisoma vibandiko: vitunguu thomu vya Uchina, mchele wa Pakistani, vipande vya samaki aliyesafiri kuliko mimi. Tumezungukwa na bahari, na nanunua samaki wa mbali! Lakini sokoni nilikuwa nimeshapita. Pweza, kitoweo chetu wanyonge zamani, sasa anachukuliwa na watu wa mahoteli kabla hajafika meza za sokoni. Nikajaza bajaji, nikarudi.

Mama alifungua pakiti moja.

"Mbona hawa hawana vichwa?"

"Washasafishwa, mama. Tia kwenye friza tu. Utakula mwezi mzima."

"Mwezi mzima." Akakaa juu ya gunia la mchele nililoliteremsha. "Baba yako hakuninunulia cha kesho hata siku moja. Unajua kwa nini?"

"Hatukuwa na friza."

Akacheka, kisha akaacha. "Wewe hukununua chakula, mwanangu. Umenunua ruhusa. Unaondoka lini?"

Sikuthubutu kusema kesho kutwa. Nikasema sijui.

"Basi kesho niletee samaki mwenye macho."

Asubuhi nikenda soko la Darajani. Nilisimama mbele ya meza ya muuza samaki mmoja mtu mzima, nikawa nawashika samaki mmoja mmoja, sijui nnachokitafuta.

"Sheikh," akaniambia, "unanunua au unaposa?"

Walio karibu wakacheka. Nikamwambia kweli, kwamba sijui kuchagua. Akanifunulia mashavu ya kibua. "Yawe mekundu namna hii. Na jicho likutazame."

Fungu lilikuwa na vibua wanne wembamba. Utotoni fungu la vibua lilikuwa likijaza sinia.

"Hili fungu la watu wangapi?"

"La watu wenye adabu," alijibu. "Wasio na adabu wanunue mawili."

Nikanunua mawili, na nazi, na tungule nyekundu za mchuzi. Mama alinipokea mlangoni, akafunua shavu la samaki kwa kidole, akaniuliza bei. Nikamtajia.

"Umeonewa," akasema, akaingia jikoni upesi kutafuta mbuzi ya kukunia nazi.

Tulipokuwa tunakula akasema bizari imekwisha. Mimi nilikuwa nimeliona kopo lake rafuni, limejaa nusu. Kesho yake nikenda kununua bizari. Siku ya pili yake ikawa ndimu. Kisha bamia, kisha thomu, na ile ya Uchina iko pale pale ndani ya mfuko wake. Kila siku kitu kimoja, na hakitajwi mpaka tuwe tumekaa kula. Kazi ya Tanga ikapata mtu mwengine, wala sikuisikitikia.

Nilikaa siku kumi na moja. Kisha Ngazija wakaniita, na miguu yangu mnaijua. Nikamwambia mama baada ya chakula cha mchana kwamba boti ni kesho. Akaendelea kuosha sahani.

"Asubuhi ntapita sokoni kwanza," nikasema. "Nikuletee nini?"

"Hakuna kilichopungua."

Akaifuta sahani, akachukua nyengine. Nikasimama pale mlangoni mwa jiko, nikimsubiri ataje hata chumvi.