Skrubu ya kabureta ilivyotaka kumnyima mzee wangu swala ya Idd

Wakuu, habari za humu. Naleta kisa cha Idd iliyopita, hapa Biharamulo mjini. Siongezi chumvi, maana mke wangu naye yumo humu, nikidanganya ataninyoosha.

Mzee wangu alipata kiharusi, anatembea kwa fimbo. Idd ya mwaka uliotangulia vijana walifyeka uwanja wa swala kwa fyekeo.

Fyekeo huacha visiki vya majani. Mzee akajikwaa, akaanguka mbele za watu, tukamrudisha nyumbani hajaswali. Akasema uwanjani harudi tena, takbira atazisikiliza kwa spika akiwa barazani.

Iliniuma sana. Nikaapa lazima aswali uwanjani, kwenye majani yaliyokatwa mpaka chini.

Stoo kulikuwa na lawn mower ya zamani, mashine ya kukatia majani, mzee aliinunua mradi mmoja wa wageni ulipoondoka. Wiki nzima nilihangaika nayo. Kabureta niliifungua, nikaiosha, nikazibua vitundu vyote.

Wapi. Ukifunga choki, ile ya kubana hewa, inawaka. Ukiifungua tu, mngurumo unapanda, unashuka, inazimika.

Ikafika mwezi ishirini na tisa Ramadhani. Kesho ingeweza kuwa Idd. Nikamwita Deo, rafiki yangu, fundi pikipiki, Mhangaza wa Keza, L kwake hugeuka R.

Deo akasikiliza, akasema inakosa mafuta, tukaze skrubu ya pembeni. Kwenye pikipiki anazotengeneza kila siku skrubu hiyo ni ya hewa. Ukikaza unabana hewa, mafuta yanazidi.

Tukakaza. Ikawa mbaya zaidi. Tukakaza tena.

Kuvuta kamba ya mower ukiwa umefunga, jua la saa tisa, usiombe. Deo ni Mkatoliki, lakini kila akitaka maji alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba ili nisimwone. Mungu ambariki.

Mwishowe akakata tamaa. "Hii tuiache tu, kaka. Tutafute fyekeo, tufyeke pore pore."

Nikakataa katakata. Nikafungua plagi, nikaikuta nyeupe kama jivu. Injini iliyozidiwa mafuta plagi yake huwa nyeusi. Nikasema kwa sauti kwamba hii mashine ina njaa, na sisi tunailisha tangu mchana.

Mzee alikuwa barazani anatusikiliza. Akasema, "Kumbe nayo imefunga. Ifungulieni basi."

Alikuwa anatania. Lakini lile neno likanigonga.

Imefunga! Na aliyeifunga nani kama si sisi? Ile skrubu haikuwa ya hewa, ilikuwa ya mafuta. Kila tulipokaza tulikuwa tunaibana koo.

Deo alibisha, kisha akainua mikono. "Haya, regeza tuone."

Tukaifunga taratibu mpaka mwisho, tukailegeza mzunguko mmoja na nusu, nikavuta kamba. Ikawaka. Nikafungua choki, haikuzimika. Ilipopata joto tukasogeza skrubu kidogo kidogo mpaka mngurumo ukanyooka. Machozi yalinilengalenga wakuu, sioni aibu kusema.

Nilikata uwanja mpaka adhana ya magharibi, Deo nyuma yangu na reki. Jioni hiyo hiyo mwezi ukaandama.

Asubuhi nilijiandaa kumbembeleza mzee. Nikamkuta mlangoni ameshavaa kanzu, ananiuliza nachelewa nini.

Uwanjani alisimama kwanza pembeni. Akapapasa majani kwa ncha ya fimbo, huku na huku, anatafuta visiki. Hakupata hata kimoja. Akauachia mkono wangu, akatembea mwenyewe mpaka safu ya mbele.

Deo alikuja kula pilau, akala mpaka akalegeza mkanda. Mzee akamwambia sasa na yeye amefunguliwa.

Nilichojifunza: mashine usiyoijua usiipimie kwa pikipiki. Hakikisha kwanza skrubu ni ya hewa au ya mafuta, maana zinakwenda kinyume. Ukibishana na fundi, fungueni plagi iwaamue.

Mafundi wa humu, bado inakohoa kidogo ikikutana na majani mabichi. Niisogeze tena au niiache? Semeni nyie, maana mzee amenikataza hata kuigusa. Anasema Idd kubwa inakuja, na yeye mahali pake pa kusimama ameshapachagua.