Faiba ya Nyumba Tatu

Nyumba zetu ni tatu tu, mwisho wa kichochoro kimoja cha Aston, huku Uingereza, nyuma ya gereji ya magari. Siku ya mechi, uwanja wa mpira wa jirani ukilipuka kwa kelele, vikombe vyangu hutikisika kabatini. Nyumba ya kwanza ni yangu. Ya katikati ni ya muuguzi wa Kikenya, mwanamke mwenye kicheko kinachopenya ukuta. Ya mwisho ni ya bibi mmoja wa Kiingereza aliyezaliwa humo humo, na kwa miaka sita mimi na yeye tulikuwa tukisalimiana kwa habari za mvua tu.

Intaneti yetu ilipita kwenye waya mkongwe wa simu, nayo ilikuja ikitaka. Kila Jumapili nikizungumza na mama yangu, aliye Unguja, sura yake ilikuwa ikiganda mdomo wazi, nami nikibaki kupiga kelele, "Mama! Wanisikia?" mpaka binti yangu ashuke ngazi kuniambia, "Mum, she can't hear you. Stop shouting." Huyo nimemzaa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, kukisema hataki.

Kwa hiyo barua ya faiba, intaneti ya kasi, ilipokuja niliisoma nimesimama. Kampuni ilikuwa tayari kutuletea, ila kichochoro si cha manispaa, ni chetu sisi wenye nyumba, na gharama ya kukichimba ingekuwa juu yetu. Tena nyumba zote tatu ziweke sahihi, ikikosekana moja hakuna kitu.

"Dada, hii ni simple," alisema Mkenya wangu siku hiyo hiyo. "Tunagawa na tatu, tunamaliza. Mimi nasend yangu leo."

Baada ya siku mbili akanigongea mlango akiwa bado na sare za hospitali. "Huyu shosh wa nyumba ya mwisho amekataa kusign. Anasema simu yake inamtosha."

Mimi ni mwepesi wa hasira, sina haja ya kuficha. Nikasema kale kabibi kana choyo, hakataki kuona wenzake wakipata, na nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Mkenya akanisikiliza mpaka nikachoka.

"Umeshaingia kwake hata siku moja?" akaniuliza.

Sikuwa nimeingia. Miaka sita, mlango wa pili kutoka wangu.

Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama unakwenda kugombana. Nikapika mkate wa kumimina, nikauacha upoe, nikaufunika kwa kitambaa na kwenda nao. Njiani nilikuwa nikipanga maneno yangu makali, moja baada ya jingine.

Alinikaribisha ndani. Kwenye ukumbi mwembamba palikuwa na meza ndogo, na juu yake simu ya rangi ya maziwa, ya zile zenye waya uliojikunjakunja. Kando ya meza palikuwa na kiti. Kiti hicho kilikuwa na mto, na mto ulikuwa umebonyea katikati, wa mtu anayekaa hapo kila siku. Alikaa hapo hapo, mimi akaniletea stuli.

"Si kwamba sitaki mpate, bab," alisema. Bab ndivyo watu wa hapa wanavyomwita mtu wanayemtakia mema. "Nina mwanangu wa kiume. Aliondoka hapa kwa ugomvi. Kosa lilikuwa letu sote wawili, lakini neno la mwisho nililisema mimi."

Ilikuwa miaka kumi na tisa. Hajui yuko wapi. Namba ya simu ile alimfundisha mtoto kabla hajaanza shule, kwa kumwimbia, ili akipotea ajue pa kupiga. Haijabadilika tangu hapo.

"Huo waya wenu ukija na namba yangu ikafa," akasema, "atanipata kwa njia gani?"

Usilolijua ni usiku wa kiza. Nilikaa na mkate wangu mapajani, masikio yakiniwaka kwa haya. Maneno yangu makali sikuyakumbuka hata moja.

Mimi na Mkenya tukaivalia njuga kampuni. Tulipiga simu kwa zamu, tukasikilizishwa muziki wa kusubiri mpaka nikajua kuuimba. Mwishowe tukaambiwa namba inahamishika, itabaki ile ile, na kwamba nyaya za zamani zitakuja kuzimwa siku moja, mtu akitaka asitake. Tukasema hayo yaandikwe. Barua ilipofika, bibi aliisoma mara tatu kwa miwani, akaweka sahihi. Tulitaka kumtolea fungu lake, akatutazama kama tumemtukana. Alilipa kwa noti ndani ya bahasha, zimenyooka utadhani zimepigwa pasi.

Mafundi walikichimba kichochoro asubuhi moja, wakapitisha bomba, na ndani ya bomba uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Nilimwuliza fundi kama kweli sura ya mama yangu itapita humo. Akacheka, akasema atapita yeye na mtaa wake wote. Kwa bibi alichomeka simu ile ile ya rangi ya maziwa nyuma ya kisanduku kipya cha intaneti, akamwambia namba yake itahamia kesho kabla ya adhuhuri. Bibi akanitazama mimi, si fundi.

"Nitahakikisha," nikamwambia. Mdomo wangu nao hauna breki.

Jioni ile mama hakuganda. Nilimwona vizuri kuliko nilivyomwona kwa miaka, hata nyusi zake zilizoingia mvi bila mimi kujua. Nikamwambia amependeza.

Sasa hapa lazima nieleze jambo. Nilipokuja nchi hii nikiwa mwanafunzi, sikuwa na pesa ya kupiga simu nyumbani, kwa hiyo mimi na mama tulikuwa tukibipiana. Kila asubuhi mlio mmoja, nakata, maana yake nimeamka salama. Naye hunirudishia mlio mmoja, anakata. Tulipendana hivyo miaka miwili, bila neno na bila kulipa kitu. Mpaka leo, nikitaka kujua kama simu ya mtu iko hewani, mkono wangu unabipu wenyewe.

Kesho yake nilikuwa kazini, kwenye jiko la shule, nikakumbuka ahadi yangu. Namba ya bibi nilikuwa nayo kwenye fomu ya kampuni niliyoipiga picha. Nikabipu. Ikalia mara moja, nikakata. Alhamdulillahi, inafanya kazi. Nikarudi kwenye masufuria yangu na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Alasiri nilipoingia kichochoroni alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alivaa sweta ya buluu ambayo sikuwahi kuiona, na midomo kaipaka rangi.

"Bab," aliniita, "amepiga."

"Nani?" nikauliza, na Mungu ni shahidi wangu, sikuwa nimeelewa.

"Mwanangu! Ililia mara moja, ikakatika. Nilikuwa jikoni, sikuiwahi. Ndiye huyo huyo, tangu mdogo hufika mlangoni moyo ukamwisha." Alicheka, akanishika mkono kunivuta ndani. "Nimebonyeza ile namba inayokutajia aliyepiga mwisho. Nimeiandika. Nimejaribu kumpigia, lakini nakosea kila mara. Nibonyezee wewe."

Akanipa karatasi. Mwandiko mzuri wa shule za zamani, na chini ya namba mstari mmoja mnyoofu. Ilikuwa namba yangu.

Yalinijia mengi pale ukumbini. Ningeweza kusema ni kampuni iliyojaribu laini. Ningeweza kusema hata mimi siijui, na kumwachia furaha yake. Lakini niliona kile kiti na ule mto, nikajua atakaa hapo kungoja mlio wa pili ambao mimi ndiye ningekuwa nimemwahidi.

"Ni mimi," nikasema. "Hii namba ni yangu. Nilitaka kujua kama simu imeunganishwa. Sisi kwetu..."

Nikaanza kumweleza habari za mlio mmoja na mama yangu. Nilisikia maneno yenyewe yanavyopwaya katika Kiingereza, nikayaacha hapo.

Aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili. Aliitazama simu.

"Basi inafanya kazi," akasema.

Nililia mimi. Yeye aliniuliza kama nataka chai, akaenda kuipika, na aliporudi ile rangi ya midomo alikuwa ameifuta. Tulikunywa, na karatasi iliyokunjwa ilikaa kati yetu, karibu na sahani niliyomletea mkate siku ile.

Nilipomsimulia Mkenya alijishika kichwa. "Wee! Dada, huku hakuna kuflash watu." Kisha akaniona nilivyo, akanikumbatia, akasema, "Kesho mpigie. Mpigie na usikate."

Nikapiga. Na tangu siku hiyo humpigia kila siku nikitoka kazini, nikiwa kituoni nangoja basi, na huiacha ilie mpaka aishike. Huishika upesi. "Hello?" husema, na sauti huwa iko juu, sauti ya mama kijana. Nami husema haraka kwamba ni mimi, jirani. Hapo sauti hushuka kidogo kidogo, kwa adabu, ili nisitambue. Nami hungoja imalize kushuka, ndipo nimwulize kama amekula.