Kiti cha Shangazi Mezani pa Karata

Lori la marobota ya pamba lilimshusha Fundi Mitambo kwenye lango la kiwanda cha nguo, sanduku la spana mkononi, shingo imekakamaa kwa safari ya siku mbili. Huu ulikuwa mji wake wa tano katika miaka sita. Alishazoea: unafika usikojulikana, unajifunza njia ya kwenda kazini na ya kurudi, kisha unaomba uhamisho kabla majirani hawajakuzoea.

Ndani ya kiwanda mashine za kufumia zilinguruma hata mdomo ukakosa kazi. Watu walizungumza kwa mikono. Kugusa sikio ni uzi mwekundu. Kugusa nyusi ni mweusi. Vidole viwili vikisokotwa kisha kiganja kikafunguliwa, maana yake uzi uliokatika umeshaungwa, washa mashine. Aliyemfundisha hayo ni mfumaji aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi. Wiki haijaisha, akamtafutia na chumba, katika nyumba aliyoishi na kaka yake.

Kaka mtu naye alifuma miaka thelathini, na mashine zilimla masikio yote mawili. Mtaa ulimwita Spika, kwa kuwa alipodhani ananong'ona, wapita njia waligeuka. Siku za kazi alijifunika gazeti, haulizi, hajibu. Lakini kila Jumapili, vyombo vya mchana vikishaoshwa, mkewe alipangusa meza, kinyozi wa jirani akajiingilia bila hodi, na Shangazi akaketi mkabala na kaka yake. Wawili kwa wawili. Karata alichanga Shangazi peke yake. Spika hakuamini mkono mwingine. Zikishagawiwa, mzee yule aligeuka mtu mwingine kabisa: akitania, akijigamba, akicheka mpaka machozi.

"Binti yangu amejifungua mapacha," Shangazi alimwambia Fundi siku moja wakitoka kazini. "Nikistaafu nahamia kwake. Kiti changu kikibaki wazi, kaka yangu ataingia kwenye gazeti lake na hatatoka tena. Utakaa wewe."

"Shangazi, mimi sijui hata kutofautisha shupaza na pau."

"Na kuunga uzi ulikuwa unajua?"

Wakaanza jioni ileile, kwenye benchi la jikoni. Akajifunza kufuata aina iliyochezwa, na kwamba ukiikosa ndipo unaruhusiwa kukata kwa turufu. Alikata kila kitu. Shangazi akampiga kofi dogo la mkono.

"Mwenzako akishashinda, humkati. Turufu si saa mpya, uivae watu waione."

Jumapili ya kwanza alikalishwa mezani kama bwana harusi, na mambo yakamnyookea ajabu. Yeye na Spika walishinda mara tatu mfululizo. Mara ya nne Spika alizibwaga karata zake mezani.

"Ananiambia alichonacho," alinong'ona, na mbwa wa jirani akabweka.

Fundi akaduwaa. "Mimi? Sijafungua mdomo."

"Mdomo wa nini, baba?" akasema mke wa Spika, ambaye ujana wake wote ulipita kiwandani humohumo. "Ukipata kopa, unashika sikio. Ukipata shupaza, unashika nyusi. Mara hii umenyoosha na vidole vinne, nami nimevihesabu."

"Nami nilidhani ana mba," kinyozi akasema. "Nilishamchagulia dawa."

Wote walicheka isipokuwa Spika. "Nimecheza miaka ishirini bila kuiba. Sianzi uzeeni." Akalivuta gazeti.

Jumapili mbili zilizofuata Fundi aliangalia kwa mbali. Ile barua ya kuomba uhamisho, ambayo kila mji aliiandika mapema na kuifungia kwenye sanduku la spana, aliitoa akaisoma, akairudisha. Shangazi hakufa moyo. Alimletea kigogo kilichochakaa cha kuzungushia uzi.

"Kishike kwa mkono wa kushoto. Karata kwa wa kulia. Mkono wenye mzigo hauna maneno."

Jumapili yake ya mwisho, basi likiwa la saa kumi, Shangazi hakukaa. Aliweka karata mbele ya watatu wale, akamsukumia Fundi kile kiti.

"Mimi nafunga mizigo. Kama hamtaki kucheza, tazamaneni."

Akaenda chumbani, akaacha mlango wazi. Spika alimtazama Fundi, akakitazama kigogo, kisha akazichukua karata, akazichanga mwenyewe na kugawa. Turufu ikawa kopa.

Wakacheza hadi zikabaki karata mbili kila mtu. Spika akacheza mfalme wa shupaza, na ree ya shupaza, pekee iliyo juu yake, ilikwisha kutoka. Mkewe akatupa ndogo. Fundi hakuwa na shupaza. Alikuwa na pau isiyo na maana, na tatu ya kopa. Sikio likamuwasha kama limeumwa na siafu. Akakikaza kigogo, akatupa pau. Kinyozi naye akatoa shupaza ndogo, na mfalme akapita. Kisha Spika akacheza karata yake ya mwisho, ya uru, mkewe akaibandikia ree kwa mbwembwe.

"Kalale, mume wangu."

Fundi akaiweka taratibu ile tatu ya kopa juu ya ree. Kinyozi alikuwa na karata isiyo na kazi. Spika akazikusanya karata zote, akazisukuma kwa Fundi.

"Changa," alinong'ona, na chumbani sanduku la Shangazi likafungwa kwa kishindo.

Kabla hajamaliza kuchanga, saa ikafika. Fundi ndiye aliyembebea sanduku hadi kituoni. Njia nzima alitafuta namna ya kumshukuru mtu aliyemfundisha kazi, akampa chumba na watu wa kukaa nao Jumapili, akaambulia kuuliza kama sanduku limefungwa vizuri. Shangazi alipokwisha kukaa dirishani ndipo maneno yakamjia, lakini dereva alikuwa amewasha injini.

"Ahsante, Shangazi," alisema, na hakuna aliyesikia.

Nyuma ya kioo Shangazi alisokota vidole viwili, akafungua kiganja.

Basi likaondoka. Fundi akakipapasa kigogo mfukoni, akageuka na kurudi mbiombio. Karata alikuwa ameziacha mezani, nusu zimechangwa, na kutoka kona ya mtaa alimsikia Spika akinong'ona kwamba mwenzake anachelewa.